Ngiri ya Juu ya Kitovu na Dalili Zake

(Mhadhara uliotolewa uwanja wa Mkunguni, Lamu, baada ya sala ya alasiri)

Assalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliotoka gatini jasho halijakauka, asanteni kwa kuitika. Sitawaweka mpaka magharibi. Nina jambo moja, na nataka liwafike hasa nyinyi mnaobeba.

Wekeni kidole hapa, kwenye chembe cha moyo, pale mbavu zinapokutana. Kiteremsheni polepole kwa katikati mpaka kitovuni. Njia hiyo mliyopita haina msuli. Misuli ya tumbo iko kulia na kushoto, na katikati imeungwa kwa ukanda mweupe wa kano, mfano wa mshono wa kanzu. Kwa baadhi yetu ukanda huo una kitundu, au nyuzi zake zimelegea. Ukikohoa, ukinyanyua mzigo, ukijikamua chooni, tumbo husukuma kutoka ndani, na kipande cha mafuta yaliyo nyuma ya ukanda hujipenyeza kikatokeza chini ya ngozi. Hiyo ndiyo ngiri ya juu ya kitovu. Ngiri ya kinena na ya kitovu mwazijua. Hii haisemwi sana, na kwa sababu hiyo mtu hukaa nayo miaka akiitibu kama ugonjwa mwingine.

Ugonjwa huo mwingine mara nyingi ni vidonda vya tumbo. Mtu anaumwa na chembe cha moyo, ananunua vidonge vya kupunguza asidi, anaacha pilipili, anaacha kahawa, na maumivu yako palepale. Simlaumu. Mahali ni pamoja, na hata mawe ya nyongo huuma karibu na hapo. Tazameni namna ya kuuma. Maumivu ya vidonda hutanda, huunguza, hufuata njaa na chakula, na humwamsha mtu usiku. Ya ngiri mara nyingi mgonjwa hukuonyesha kwa kidole kimoja: hapa hasa. Nayo hufuata kazi. Kijana anainama chini ya mfuko wa saruji wa kilo 50, anainuka nao begani, papo hapo kichomi. Mwingine huhisi akiinama rukuu, mwingine akikohoa au akipiga chafya. Akipumzika, hupoa. Lakini zipo ngiri zinazouma baada ya kushiba sana, kama mtu amefuturu kisha akajiegemeza, na huja na kichefuchefu. Hapo maelezo ya mdomo hayatoshi kuzitenganisha na vidonda. Tena mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili. Yataka mkono upime.

Nyumbani fanyeni hivi. Vua shati, simama wima penye mwanga, pitisha ncha za vidole viwili kwenye njia ile ile, na kila hatua ukohoe. Unatafuta kiuvimbe kidogo, mara nyingi sentimita 1 au 2 tu, kinachosukuma kidole ukikohoa na kuuma ukikibonyeza. Ukikipata kimoja usiishie hapo, maana vyaweza kuwa viwili au vitatu kwenye mstari huo huo. Uvimbe wa mafuta wa kawaida chini ya ngozi huteleza ukiusogeza, wala haujali kikohozi chako. Mtu mnene huenda asione wala asiguse kitu, naye atahitaji kipimo cha ultrasaundi. Na wengi hawaumwi kabisa, wanaona tu kitu kimejitokeza. Hao nao waje.

Mama zangu, nyinyi mna jambo lenu. Baada ya kuzaa, ukilala chali ukainua kichwa, huenda tumbo likajitokeza katikati kama ukuta mrefu, kuanzia kifuani hadi kitovuni. Hauumi, na ukiupapasa hukuti tundu. Hiyo ni misuli iliyoachana kwa mimba, si ngiri. Mkaja hulishikilia tumbo na una raha yake, lakini kama ngiri ipo, mkaja hauzibi kitundu.

Sasa nije kwenye linaloniumiza. Watu wetu wakiona uvimbe wa tumbo hukimbilia kukandwa. Wakandaji wetu nawaheshimu. Mgongo na miguu iliyochoka wanaijua vizuri. Lakini ngiri isikandwe, nawaombeni. Ile nyama iliyonaswa kwenye tundu dogo ukiikandamiza huiponyi, waiumiza. Chale, hijama, mafuta ya kupaka na dawa za kunywa haviwezi kushona ukanda uliopasuka.

Na iko siku ngiri hubadilika. Uvimbe uliokuwa laini unakuwa mgumu, haurudi ndani hata ukilala, maumivu yanazidi na hayaachi. Ngozi ya juu yake inageuka nyekundu au nyeusi. Mtu anatapika, tumbo linajaa, hatoi choo wala upepo, pengine na homa. Kilichonaswa kimekosa damu, na ikiwa ni utumbo, unaanza kufa. Kwa ngiri hii ya juu utumbo hunaswa kwa nadra, mara nyingi huwa mafuta, lakini hutajua kilichomo kwa kutazama. Usiusukume kwa nguvu, usile, usinywe, ondoka wakati huo huo. Nawaambia hasa mliotoka Faza, Kizingitini na Siyu, maana baina yenu na hapa Lamu mjini kuna bahari. Usiku wa kusi, mawimbi yamechafuka, utampata nahodha gani? Ngiri ya kupasuliwa kwa mpango, mchana, mtu akiwa na nguvu zake, ni kazi ndogo. Daktari huziba tundu kwa nyuzi, na likiwa kubwa huweka wavu. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au ya pili yake. Wiki 4 hadi 6 usibebe mzigo mzito. Najua hamali hulipwa kwa alichobeba siku ile, na wiki 6 ni nyingi kwa mwenye watoto. Zungumzeni mapema na wenzenu wa kikosi wawasaidie. Hakikisheni pia mmesajiliwa SHA, yaani bima ya afya ya serikali, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, tangu Oktoba 2024.

Kabla ya hapo, kikohozi kisichoisha kitibiwe, sigara iachwe, na choo kigumu kisizoewe. Wanaotafuna miraa wanajua choo kinavyofunga.

Mama pale mbele ameuliza kama ngiri ya mtoto wake itajifunga yenyewe. Swali zuri. Ngiri ya kitovu ya mtoto mchanga mara nyingi hujifunga yenyewe kabla ya miaka 5, kwa hiyo twangoja na kuangalia, wala usimfunge sarafu kitovuni. Ya juu ya kitovu haijifungi yenyewe. Mlete tumtazame.

Tutapima sasa hivi. Wanaume wapange mstari upande huu wa mkungu. Mama zangu, mlango ule, ndani yuko muuguzi wa kike.