Sahani moja ya beringi, mashine tatu: kupanga pati za pamoja kwenye SolidWorks

Habari zenu wakuu, karibuni tena mezani. Leo sichomelei kitu, niko kwenye kompyuta, kwenye SolidWorks, programu ya kuchora mashine, manake wengi mmeniuliza inakuwaje nabadilisha beringi kwenye mashine moja na zile nyingine hazichafuki. Naonesha mwanzo mwisho, na kusema kweli hii kazi naipenda, naweza kukesha nayo.

Nina mashine tatu. Ya kupukuchua mahindi, ya kukata majani ya ng'ombe, na ya kukwangua mihogo. Zote shafti inalala kwenye beringi za kusimama, zile UCP zenye kitako cha kufunga kwa bolti mbili. Mihogo nimeweka saizi ya 204, shafti ya milimita 20, majani 205 shafti ya 25, mahindi 206 shafti ya 30. Chini ya kila beringi kuna sahani ya chuma ya milimita 8 ina matundu mawili, hiyo ndo nachomelea kwenye fremu. Sahani sura yake ni ileile, kinachobadilika ni vipimo tu. Sasa mtu anachora faili tatu, sahani, sahani mpya, sahani mpya kabisa, baada ya miezi miwili hajui ipi ni ipi. Sisi tunaweka faili moja, ndani yake saizi tatu. Hizo saizi ndo zinaitwa konfigiresheni.

Kabla ya kuchora, folda. Mimi nina folda moja naiita PAMOJA, humo kuna bolti, nati, beringi, puli na hii sahani, pati zote, yaani vipande vyote, vinavyoingia kwenye mashine zaidi ya moja. Alafu kila mashine ina folda yake. Bolti haihamishwi kwenda folda ya mashine na haikopiwi, inakaa PAMOJA, asembli, yaani faili la mashine nzima iliyounganishwa, inaifuata hukohuko. Sawa eh?

Kuchora naruka. Mstatili, matundu mawili, vuta juu milimita 8, mnajua.

Hapa msiruke: majina ya vipimo. Bonyeza kipimo cha umbali kati ya matundu, pembeni utaona kinaitwa D1 sijui D3, futa hiyo uandike umbali. Kipenyo cha tundu kiite tundu. Urefu wa sahani uite urefu. Sekunde kumi tu, ila ukifungua jedwali utanishukuru, manake D3 kesho hukumbuki ilikuwa nini.

Sasa nenda Insert, Tables, Design Table (matoleo mapya imeandikwa Excel Design Table), chagua Auto-create. Lazima Excel iwe kwenye kompyuta yako, bila hiyo hapa hupiti. Inauliza vipimo gani, chagua vile vitatu. Jedwali hilo limekuja. Ile selo A2 iacheni wazi, msiandike kitu. Kuanzia A3 kushuka chini ndo majina ya saizi, naandika UCP204, UCP205, UCP206. Jina lisiwe na mkwaju (/) wala alama ya @, itakataa.

Najaza. 204 umbali 95, tundu 11, urefu 150. 205 umbali 105, tundu 11, urefu 165. 206 umbali… ngoja, imejifunga. Nimebonyeza nje ya jedwali ikajifunga. Hamna shida, kitu hakijapotea, ila ndo tabia yake, ukigusa nje tu inadhani umemaliza. Nakuja huku kwenye konfigiresheni, nabonyeza kulia kwenye jedwali, Edit Table. Hilo limerudi. 206 umbali 121, tundu 15.5, urefu 190.

Mbona 206 tundu limekua hivyo? Kwa sababu 204 na 205 zinakaa kwa bolti M10, yaani ya milimita 10, 206 inataka M14. Watu wanasahau hili, wanabadilisha umbali tu, jioni bolti haiingii.

Bonyeza nje sasa kwa makusudi. Inasema imetengeneza saizi. Nabonyeza mara mbili 204, ndogo. 206, kubwa hiyo. Hapa huwa nafurahi kila mara, faili moja inajinyoosha yenyewe kama mpira.

Sasa nisikilizeni, kama ulikuwa unakunywa chai weka kikombe chini.

Ukibonyeza kipimo mara mbili ili ukibadilishe, kinakuja kiboksi kidogo. Kwenye hicho kiboksi kuna kamshale ka kuchagua: saizi hii tu, au saizi zote, au saizi unazozitaja. Kaangalie KABLA ya kuandika namba. Narudia, kabla ya kuandika namba, angalia imesimama kwenye saizi hii au saizi zote.

Nawaambia kwa nini. Kipindi sijaanza kutumia jedwali, nilikuwa na saizi ya 205 peke yake. Mteja wa mahindi akaja, nikaongeza saizi ya 206, nikabonyeza 105 nikaandika 121, oke, nikasevu, nikafurahi. Kumbe ilikuwa saizi zote. Kwaiyo ile 205 nayo ikawa 121 bila mimi kujua. Kesho yake nikatuma mchoro wa mashine ya majani kukatwa kwa mashine ya plazma, sahani 8. Zikaja zimekatwa safi kabisa, naweka beringi, tundu liko nje milimita 8 kila upande. Nilijaza matundu kwa welding, nikasaga, nikatoboa upya kwa dirili, siku nzima imeisha na mteja amekaa kwenye benchi ananiangalia. Iliniuma sana, na ndo sababu kubwa ya hii video.

Kwaiyo kinga ni mbili. Ya kwanza, kwenye mipangilio ya jedwali kuna sehemu ya kuzuia mtu asibadilishe vipimo nje ya jedwali, imeandikwa Block model edits. Iwasheni. Ukijaribu kugusa umbali kwenye mchoro inakukatalia, mpaka uende kwenye jedwali. Ya pili, vipimo ambavyo haviko kwenye jedwali, mfano unene wa milimita 8, hivyo bado viko wazi, kwaiyo kale kamshale mnakaangalia tu. Kamshale. Sichoki kusema.

Tuingie kwenye asembli. Nafungua mashine ya mahindi. Sahani hii hapa, naibonyeza, juu inatokea orodha ya saizi, nachagua UCP206, tiki. Beringi nayo hivyohivyo, 206. Sahani na beringi ziende pamoja, usiache moja nyuma.

Na angalia kitu kingine. 205 kutoka kitako mpaka katikati ya shafti ni milimita 36.5, 206 ni 42.9. Shafti imepanda milimita 6.4! Mashine ya mahindi pengo kati ya ngoma na chekeche la chini ndo kila kitu, likiwa kubwa gunzi linapita na punje zake, likiwa dogo mahindi yanavunjika. Kwaiyo ukibadilisha saizi ya beringi usikimbilie kusevu, pima pengo kwanza, ikibidi shusha fremu.

Sasa nafungua ile mashine ya majani ya kwenye folda ya zamani nilinganishe… hee, subiri. Hii ni ya zamani, mbona sahani ni ya leo? Zamani ilikuwa na matundu manne.

Sawa, nimeelewa, na ni vizuri imetokea mkaona wenyewe. Faili la zamani linaitwa SAHANI, na la leo nimeliita SAHANI. SolidWorks haifungui mafaili mawili yenye jina moja kwa wakati mmoja. Kabla haijatafuta kwenye folda inaangalia kwanza kilichofunguliwa tayari, imekuta SAHANI ya leo iko wazi, ikaichukua hiyo. Nikisevu hapa nimeharibu mashine ya zamani. SISEVU. Nafunga vyote, nafungua ya zamani peke yake. Matundu manne, hayo yamerudi.

Dawa ni jina. Kila pati iwe na jina lake peke yake kwenye kompyuta nzima. Hii ya leo naibadilisha iwe PM-SAHANI-UCP. Na jina msibadilishe kwa kawaida ya Windows, manake asembli zote zitaamka zinaitafuta na haziioni. Bonyeza kulia kwenye faili ndani ya folda, ingia palipoandikwa SOLIDWORKS, alafu Rename, yenyewe itatafuta asembli na droingi (michoro ya vipimo) zinazotumia hiyo pati izirekebishe. Inachukua muda kidogo, muachieni.

Kuna swali huwa linakuja: mteja mmoja anataka sahani yake peke yake iwe na kona iliyokatwa, kwa sababu ya mguu wa injini, nifanyeje? Bonyeza kulia kwenye sahani ndani ya asembli, Make Independent, mpe jina jipya. Ile uliyochagua inakuwa faili lake, nyingine hazijaguswa. Mimi napendelea hivi kama kitu ni cha mteja mmoja. Ila akija wa pili anataka hivyohivyo, hiyo ishakuwa saizi, irudishe kwenye jedwali. Wengine wanaweka kila kitu kwenye jedwali mpaka lina mistari 40, sikubaliani nao, hata mwenye nalo anapotea humo.

Mwisho kutuma. Usikopi asembli peke yake kwenye flashi, ikifika kule ni tupu, pati zake zimebaki PAMOJA. File, Pack and Go. Inakuorodheshea kila faili linalohusika. Hapo juu weka tiki kwenye droingi, yenyewe huwa haiziweki. Chagua zipu, sevu.

Nafungua zipu nihakikishe. Asembli ipo, beringi ipo, PM-SAHANI-UCP ipo, droingi… ipo. Naifungua droingi, umbali 121, tundu 15.5. Na kwenye mashine ya majani, 105. Haya, naituma kwa kijana wa plazma, sahani nne za 206, kesho asubuhi mnaziona hapa mezani, tunazipima na kalipa.