"No Signal": Macho Ukutani Kabla ya Mkono Kwenye Laptopu

Shikamooni wakubwa, habari za asubuhi wengine wote: walimu, mafundi wa TEHAMA, na ninyi mnaoshika funguo za kumbi, ambao kwa kweli ndio mnaoitwa mbio pale mgeni rasmi ameshakaa na ukuta bado ni mtupu.

Laptopu ikigoma kuonyesha kwenye projekta, mikono yote inaikimbilia laptopu. Mmoja anachomoa, mwingine anachomeka, wa tatu anazima kabisa. Leo naomba mikono ikae mfukoni sekunde kumi, macho yaende ukutani. Projekta haigomi kwa namna moja. Namna inavyogoma inakwambia ugonjwa uko upande gani.

Tuanze na giza tupu: hakuna nembo ya kampuni, hakuna menyu hata ukibonyeza rimoti. Hapo laptopu haihusiki, iacheni. Angalia kifuniko cha lenzi. Angalia kama kuna aliyebonyeza kitufe cha kuficha picha, ambacho Epson wanakiita "A/V Mute" na wengine "Blank". Kama ni projekta ya taa ya zebaki, ipe nusu dakika mpaka dakika moja hivi mwanga ukolee. Na kama umeme ulikatika ukarudi papo hapo, taa ikiwa bado ya moto inaweza kukataa kuwaka mpaka ipoe. Subirini dakika chache. Kubonyeza mara kumi hakuipoozi.

Sasa hali mnayoijua zaidi: ukuta wa buluu au mweusi wenye maneno "No Signal". Hizo ni habari njema, maana projekta ni nzima. Inachosema ni kwamba kwenye tundu ninalolisikiliza hakuna anayeongea. Nyuma ya projekta ya kawaida kuna matundu kadhaa: HDMI moja au mbili, la VGA ambalo mara nyingi huandikwa "Computer", pengine na la video ya zamani. Inasikiliza moja tu kwa wakati. Bonyeza "Source" au "Input", simama kwenye tundu lenye waya wako, subiri kama sekunde tano. Watu huruka haraka mno. Projekta ikiwa bado inatafuta, wao wameshahama.

Kuna mtego hapa. Projekta nyingi zenye VGA zina matundu mawili yanayofanana kama mapacha, moja limeandikwa "Monitor Out". Hilo linatoa picha, halipokei. Projekta ikishafungwa darini hakuna anayesoma maandishi hayo tena, na kama waya uliingia humo siku ya kufunga, mtabadilisha laptopu mchana kutwa bila mafanikio. Pandeni ngazi mara moja, mhakikishe.

Tundu likiwa sahihi na bado "No Signal" haiondoki, ndipo tuuangalie waya. Waya wa HDMI haupeleki picha tu, kuna mazungumzo yanayopita humo. Una pini 19. Pini ya 18 inapeleka volti 5 kutoka kwenye laptopu. Projekta ikizipata, inajibu kupitia pini ya 19: nipo. Laptopu inauliza kwa pini za 15 na 16: wewe ni nani, na picha ya ukubwa gani unaiweza? Jibu linakuja kama cheti kidogo kiitwacho EDID, ambacho sehemu yake ya msingi ni baiti 128 tu. Cheti hicho kisipofika au kikifika kimeharibika, laptopu inaweza kuamua kwamba hakuna kilichochomekwa, hata kama wewe unaona kwa macho yako waya umeingia mpaka mwisho.

Ndiyo maana nasisitiza mpangilio. Washa projekta kwanza, iache ikolee, chagua tundu, kisha chomeka waya kwenye laptopu ambayo tayari imewaka. Ikigoma, chomoa upande wa laptopu, hesabu mpaka kumi, rudisha. Kuchomoa kunalilazimisha lile swali liulizwe upya, na mara nyingi dawa inaishia hapo.

VGA nayo ina mazungumzo yake. Ni teknolojia ya IBM ya mwaka 1987, na bado imejaa kwenye kumbi zetu, kwa hiyo tusiidharau. Pini 15 katika safu tatu. Cheti kinapita kwenye ya 12 na ya 15. Ukikuta pini ya 9 haipo, usitupe waya, nyingi zinatengenezwa hivyo. Tatizo ni pini iliyopinda. Rangi zinapita pini ya 1, ya 2 na ya 3: nyekundu, kijani, buluu. Kwa hiyo sehemu nyeupe ya picha ikigeuka samawati, nyekundu haifiki. Ikigeuka zambarau ya waridi, kijani hakifiki. Ikigeuka njano, ni buluu. Msiingie kwenye mipangilio ya rangi hata kidogo. Kazeni zile skrubu mbili za pembeni, rangi isiporudi badilini waya.

Adapta. Hapa nitakaa kidogo, maana laptopu nyingi mpya hazina VGA na projekta nyingi za zamani hazina HDMI. Adapta ya HDMI kwenda VGA si waya wa kuunganisha tu. Ndani kuna chipu inayobadilisha ishara ya kidijitali kuwa ya analogi, na chipu hiyo inakula umeme. Inautoa kwenye zile volti 5 za pini ya 18, ambako laptopu inalazimika kutoa miliampea 55 tu. Adapta yenye njaa kuliko hapo itaonyesha picha dakika mbili, itazima, itarudi. Nunueni yenye katundu kadogo ka USB ubavuni, muipe umeme wa pembeni. Pili, inakwenda upande mmoja. Ya HDMI kwenda VGA haigeuzwi ikawa ya VGA kwenda HDMI, hata muuzaji akuapie.

USB-C inachanganya zaidi. Tundu ni lile lile kwa umbo, lakini si kila moja linatoa picha. Mengine ni ya kuchaji na kuhamisha mafaili basi. Tafuteni pembeni yake alama ya radi au herufi D na P zilizounganishwa. Zisipokuwepo, someni maelezo ya modeli hiyo kabla ya kununua adapta. Tundu lisilotoa picha halitengenezwi na adapta ya bei yoyote.

Sasa tuingie ndani ya laptopu. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. Zinakuja njia nne. "PC screen only" inaacha picha kwako peke yako. "Duplicate" inaonyesha kitu kimoja kote. "Extend" inaufanya ukuta kuwa meza ya pili. "Second screen only" inazima kioo chako. Mwalimu asiyetaka mambo mengi achague "Duplicate". Akilalamika kwamba ukutani kuna picha ya mandharinyuma tu na slaidi hazionekani, yuko kwenye "Extend" na dirisha lake limebaki kwenye kioo chake. Windows, Shift na mshale wa kulia au kushoto vitalirusha ukutani.

Picha isipotokea, shikeni Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Kioo kitapepesa mara moja, draiva ya picha, yaani programu inayoendesha kioo, imeanzishwa upya, na mafaili yenu yako salama. Bado? Chagueni "Restart", siyo "Shut down". Kwenye Windows 10 na 11 kuzima kwa kawaida mara nyingi si kuzima kamili. Mfumo unahifadhi hali yake ili uwake haraka kesho, na hitilafu inahifadhiwa nayo.

Halafu kuna laptopu iliyotoka kwa fundi. Amepiga Windows upya, kila kitu kinaonekana kipya, ila projekta haionekani kabisa. Fungueni Device Manager, sehemu ya Display adapters. Mkikuta "Microsoft Basic Display Adapter", basi draiva ya picha haijawekwa na laptopu inatumia ya muda, ambayo kwa kawaida haiendeshi kioo cha pili. Pakueni ya modeli hiyo kutoka tovuti ya mtengenezaji. Ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo hiyo ni kazi ya jana yake, si ya bando la simu wakati watu wamekaa.

Ukuta ukisema "Out of range" au "Not supported", mazungumzo yamefanyika ila wamekosana kuhusu ukubwa wa picha au kasi yake. Projekta nyingi za darasani ni za nukta 1024 kwa 768 au 1280 kwa 800, na zinapenda herzi 60, yaani picha kuchorwa upya mara 60 kwa sekunde. Laptopu ya michezo inaweza kutuma herzi 144. Shusheni hadi 60 kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya Advanced display, na mkiwa hamjui ukubwa, anzieni 1024 kwa 768.

Picha inayokatika na kurudi kila baada ya sekunde chache ni ya waya mrefu. HDMI ya shaba ikipita mita 15 mnacheza bahati nasibu. Ukumbi wenye soketi ukutani una vipande viwili au vitatu vimeungana huko ndani, na kila kiungo kinapunguza nguvu. Chukueni waya mfupi wa mita 2, pelekeni laptopu mpaka chini ya projekta, unganisheni moja kwa moja. Ikikubali, mkosaji yuko ukutani. Na kama waliwafungia HDMI ya nyuzi za mwanga, ncha zake zina maandishi "Source" na "Display". Ikigeuzwa, haitoi kitu.

Slaidi zinaonekana lakini filamu ni nyeusi? Hiyo ni HDCP, kinga ya hakimiliki, na adapta ya VGA haiwezi kuijibu. Sauti ikipotea kwenye spika za laptopu, imehamia projekta kupitia HDMI. Bonyezeni alama ya spika mchague upya. VGA haibebi sauti kabisa.

Mkoba wa ukumbi uwe na HDMI ya mita 2, VGA moja, adapta ya HDMI kwenda VGA yenye umeme wa pembeni, moja ya USB-C, betri za rimoti na flashi yenye slaidi katika PDF. Haya, nani ana laptopu yenye USB-C? Njoo hapa mbele, tutafute hiyo alama.