Ekseli Si Kazi, Kazi ni Pembe

Ndugu zangu, tuanzie chini ya gari. Ukilala chali chini ya pikapu nzito ya Chevrolet au GMC ya magurudumu manne, ya muundo ule uliotoka 1988 au wa baada yake, utakuta difu ya mbele, lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu, imefungwa kwenye chesi. Kutoka hapo shafti mbili fupi zinakwenda kila moja kwenye gurudumu lake. Nenda kwenye Ford Super Duty, F-250 au F-350 ya kuvuta magurudumu yote, utakuta bomba moja nene la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu. Hiyo ndiyo ekseli nzima, na ndiyo watu wanayotaka kuihamishia kwenye ile ya kwanza.

Nawaelewa. Tairi kubwa likibana kwenye jiwe huku umekata usukani hadi mwisho, tairodi, yaani fito za kugeuza magurudumu, za mfumo ule wa kwanza hupinda mapema. Ekseli nzima inavumilia. Tena kuanzia 2005 Ford waliacha springi za majani mbele ya Super Duty wakaweka za koili, kwa hiyo ekseli za miaka hiyo zinatafutwa sana.

Lakini kupata ekseli ni sehemu nyepesi. Kazi ni pembe.

Chukueni kasta, yaani mlalo wa boljointi, vile viungo viwili ambavyo gurudumu hugeukia. Tunataka boljointi ya juu irudi nyuma kidogo kuliko ya chini, nyuzi nne au tano hivi, ili usukani urudi wenyewe baada ya kona. Fundi anaizungusha ekseli mpaka apate kipimo, anafurahi. Kumbe pinioni, ile gia ndogo ya difu inayopokea nguvu, imo kwenye bomba lilelile! Ukiirudisha boljointi ya juu nyuma, pua ya pinioni inainama, na propela, shafti ndefu inayoshuka kutoka transfakesi (boksi la kugawa nguvu mbele na nyuma), inakunjika zaidi pale kwenye kiungo chake, krosi. Ukiinua pua, kasta inapotea. Gari likiwa limeinuliwa sana, dawa ni kukata vichwa vya ekseli, kuvizungusha peke yake na kuvichomelea upya. Hapo apewe mchomeleaji anayeijua kazi, maana chuma kile cha kumimina hakipendi kupashwa na kupozwa ghafla.

Sasa panhadi na draglinki, na hapa naomba mnisikilize sana. Panhadi ni fito inayoshika ekseli isiende kushoto wala kulia. Draglinki inatoka kwenye boksi la usukani kwenda gurudumuni. Ekseli ikipanda, kila fito inachora tao lake. Matao yakilingana, dereva hahisi kitu. Yakipishana, gurudumu linakata kona bila kuambiwa. Kwa hiyo ziwe na mlalo mmoja, na urefu unaokaribiana kadiri nafasi inavyoruhusu.

Gari langu la kwanza niliiweka breketi ya panhadi, yaani kishikio chake, pale penye nafasi, si pale panapostahili. Kwenye lami laini halikuwa na neno. Lilipofika kwenye tuta, usukani uliniponyoka mkononi. Nilikata breketi ile siku hiyohiyo.

Kuna pia ule mtikisiko wa kutisha, usukani unapotetemeka mpaka upunguze mwendo kabisa. Nililetewa gari lililokwisha kufungwa dampa mbili za usukani, vile vizuia mtikisiko, na bado linatikisika. Nikafungua bolti ya panhadi upande wa chesi: tundu halikuwa duara tena, limekuwa yai. Uchezaji wa milimita moja au mbili tu. Dampa huficha ugonjwa, haiutibu.

Mengine nayapitia haraka. Uwiano wa difu za mbele na nyuma lazima ulingane. Ukiwa na 4.10 mbele (propela izunguke mara 4.10 gurudumu lizunguke mara moja) na 3.73 nyuma, ukiunganisha nguvu kwa magurudumu yote manne kwenye lami kavu, gia zinapigana zenyewe kwa zenyewe. Rimu nazo: Ford hizi, zisizo na magurudumu pacha nyuma, zina bolti nane kwenye duara la milimita 170, na GM za kabla ya 2011 zina nane kwenye 165.1. Kwa macho zinafanana. Kwenye haba, yaani kitovu cha gurudumu, haziingii. Nanyi wenye injini za dizeli, chagueni springi kwa uzito wa injini yenu, si kwa urefu mnaoutamani.

Kabla hujachomelea breketi yoyote moja kwa moja, ishike kwa nukta tu, toa springi, kisha inua na ushushe ekseli kwa jeki mpaka mwisho wa safari yake. Tazama sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, tazama propela, tazama mipira ya breki. Kata usukani pande zote mbili ekseli ikiwa juu, kisha ikiwa chini.

Gari hili nililotangulia kulileta limeshatolewa springi, na ekseli iko juu ya jeki mbili. Sogeeni upande wa boksi la usukani, mwenye tochi amulike panhadi, nianze kuinua.