Altezza yenye klachi ya mashindano: inateleza, haikati, na giaboksi bado haijashushwa

Habari zenu wadau, karibuni gereji hapa Mtwara.

Leo tunayo Altezza RS200, ile ya injini ya 3S-GE na gia sita. Mwenye gari alitoa klachi ya kiwandani akafunga seti ya mashindano, yenye presha pleti ngumu, yaani ile sahani ya springi inayoibana pleti ya klachi. Malalamiko yake ni mawili. Rivasi inasaga kabla ya kuingia. Halafu akishazunguka mjini kwa muda, akikanyaga resi injini inapiga kelele lakini gari haliongezi mwendo. Ameshaambiwa seti ni feki, giaboksi ishushwe, iagizwe nyingine Dar. Kutoka Kariakoo mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 550, na kushusha giaboksi ni kazi ya kutwa. Mimi siigusi mpaka nimalizane na pedali, masta zote mbili za klachi (ya juu kwenye pedali inayosukuma mafuta, na ya chini kwenye giaboksi inayoyapokea) na mpira unaopitisha mafuta hayo.

Tuanze kwa kuyatenganisha haya magonjwa. Klachi inayoteleza, pleti yake haijabanwa vya kutosha. Klachi isiyokata, pleti haijaachiwa hata kama umekanyaga mpaka chini. Pleti iliyoisha huteleza. Kwa kawaida haishindwi kukata. Sasa gari likija na yote mawili kwa pamoja, kama hili, macho yangu yanaenda kwenye pedali kabla ya pleti.

Jaribio la kukata linafanyika hapahapa. Washa injini, vuta handibreki, gia iwe fri. Kanyaga klachi mpaka chini, hesabu mpaka tano taratibu, kisha ingiza rivasi. Klachi ikiwa inakata, muda huo unatosha shafti ya giaboksi kusimama, na gia inaingia kimya. Sikiliza hii yetu. Krrr! Pleti bado inaburuzwa na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini.

Jaribio la kuteleza linataka barabara. Tunatoka njia ya Mikindani, tunatafuta kipande kilicho wazi, kisicho na bodaboda wala watoto wanaotoka shule. Gia ya nne, mizunguko kama 2,000, kanyaga resi yote. Mshale wa mizunguko na wa spidi lazima ipande pamoja. Tazama: wa mizunguko umeruka, wa spidi umebaki pale pale. Achia resi mara moja, usirudie kwa kujifurahisha, kila ukirudia unaunguza pleti. Na ile mbinu ya kuvuta handibreki, kuweka gia kubwa na kuachia klachi ili uone kama injini itazima, mimi siipendi kwa sababu hiyo hiyo.

Tumerudi. Sasa tunaingia chini ya gari, na hapa kwetu mchanga haubebi jeki. Weka ubao mpana chini ya jeki na chini ya stendi zote mbili, magurudumu yaliyobaki chini yawekee vigingi, kisha lisukume gari kwa mkono uone kama linatikisika. Anayelala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, video zangu asitazame.

Hii hapa masta ya chini, imefungwa ubavuni mwa giaboksi. Funua raba yake kidogo. Ndani pakavu, vizuri. Pangekuwa na mafuta tungeshajua sili, yaani raba ya ndani inayozuia mafuta, imekwisha. Kwa masta ya juu, ingiza mkono chini ya dashibodi, pale fimbo ya pedali inapoingia ukutani, na upapase kapeti. Hapo pia pakavu. Chungulia na kile chombo cha mafuta: yakiwa meusi, ujue raba za ndani zinalika.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki. Chukua chaki, weka alama kwenye fimbo ya masta ya chini, sawasawa na ukingo wa silinda. Shika rula. Dogo amekaa kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa.

Dogo, kanyaga mpaka chini, shikilia.

Fimbo imetoka milimita 9. Kidogo hizo kwa presha pleti ngumu namna hii. Mwache ashikilie dakika nzima. Kama fimbo ingeanza kurudi yenyewe taratibu, sili ya ndani ya masta ya juu ingekuwa inavujisha, na usingeona tone lolote nje. Haijarudi. Sasa mwambie akanyage na kuachia haraka haraka mara kadhaa, kisha upime tena. Mwendo ungeongezeka, ungejua kuna upepo kwenye mafuta. Haujaongezeka.

Lakini hebu sogeza kamera. Dogo, achia kabisa. Mnaiona chaki? Haikurudi pale ilipoanza. Imebaki nje kama milimita mbili, na pedali iko juu kabisa! Hiyo milimita mbili ndiyo inayotelezesha klachi.

Ipo hivi. Ndani ya masta ya juu kuna kitundu kidogo cha kurudishia mafuta kwenye chombo. Pedali ikiwa juu, kitundu kinatakiwa kiwe wazi. Ili kiwe wazi, fimbo ya pedali lazima icheze kidogo kabla haijagusa pistoni. Kwenye Toyota nyingi mchezo huo, ukipimwa juu kwenye pedali, ni kati ya milimita 1 na 5. Nasukuma kwa kidole kimoja. Hakuna mchezo hata kidogo. Kuna mtu ameirefusha hii fimbo. Sasa pistoni inaziba kitundu muda wote, kila ukikanyaga masta inavuta mafuta mengine, ya kurudi hayana njia, na joto la injini linayatanua. Presha inabaki ndani, vidole vya presha pleti, yaani ncha za springi yake zinazosukumwa ili iachie pleti, vinabaki vimesukumwa nusu, kama mtu anayeendesha mguu umelala kwenye klachi. Ndiyo maana inaanza kuteleza baada ya muda, siyo ukitoka nyumbani.

Ukitaka uthibitisho, subiri iteleze, paki, legeza niple ya masta ya chini, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka kwa nguvu bila mtu kukanyaga, na klachi ikashika tena, kesi imeisha.

Kwa nini mtu arefushe fimbo ya pedali? Alikuwa anatafuta klachi ikate. Funika mpira wa mafuta kwa kiganja, huu unaounganisha bomba na masta ya chini. Dogo, kanyaga. Unavimba mkononi, unausikia kabisa. Mpira huu umezeeka. Kwa klachi ya kiwandani ulikuwa unamudu, lakini presha pleti ngumu inadai nguvu kubwa zaidi, kwa hiyo sehemu ya mguu wako inaishia kuuvimbisha mpira badala ya kusukuma fimbo ya masta ya chini. Mpira ndio ulikuwa tatizo, yeye akatibu pedali, akazaa tatizo la pili.

Dawa ni mpira mpya, na ukipata uliosukwa kwa waya ni bora zaidi. Niple za magari ya hapa pwani zimeshika kutu, hasa yanayolala mtaa wa Shangani karibu na maji, kwa hiyo zipulizie mafuta ya kulainisha kutu usiku, ufungue asubuhi. Ikikatika utanunua masta nzima.

Kutoa upepo mnakujua: jaza mafuta ya breki ya DOT 3, chomeka kampira kanakoonyesha ndani, ncha nyingine iwe kwenye chupa yenye mafuta. Dogo anakanyaga na kushikilia, nalegeza niple, nakaza, ndipo anaachia. Akiachia kabla sijakaza, tunaanza upya. Chombo kisikauke, na yakidondokea rangi ya gari mwagia maji haraka.

Sasa rudisha fimbo ya pedali. Legeza nati ya kufungia, zungusha mpaka upate ule mchezo mdogo, kaza nati. Pima tena: milimita 13, na chaki imerudi nyumbani kwake. Usitafute zaidi ya unachohitaji. Ukiisukuma presha pleti kupita kiasi unapinda vidole vyake. Rivasi... imeingia kimya. Barabarani tumerudia gia ya nne, mishale imepanda pamoja.

Kama yako imepita vipimo vyote hivi na bado inateleza, hapo shusha giaboksi. Uliza kwanza kama uso wa flaiwili ulichongwa uwe sawa wakati wa kufunga, na kama gari lilipewa zile kilomita 500 hadi 1,000 za mwendo wa kistaarabu kabla ya kukanyagwa. Ndani tafuta oili kwenye pleti. Ikiwepo, sili ya nyuma ya injini au ya mbele ya giaboksi inavuja, na pleti mpya bila sili mpya ni hasara. Kama haikati, angalia pleti isiwe imefungwa kinyume au imepinda. Gari lililoegeshwa masika nzima linaweza kuwa na pleti iliyogandishwa na kutu kwenye flaiwili. Vumbi la humo usilipulize kwa kompresa, lifute kwa kitambaa chenye maji.

Kutetemeka kidogo wakati wa kuondoka, kwa pleti zile za vipande vya chuma, ni tabia yake. Kelele ya kokoto gia ikiwa fri, inayokatika ukikanyaga klachi, mara nyingi ni flaiwili nyepesi tu. Kelele inayoanza ukikanyaga, hiyo ni rilizi beringi, ile inayosukuma vidole vya presha pleti, na ukiagiza Dar iagize pamoja na sili zote mbili, mzigo uje kwa basi moja.