Samaa, msimu wa joto, inaisha huku Maine, Marekani, mwenzenu naweka nyanya kwenye chupa

Asalaam aleikum wanangu wa Tanga, wa Makorora, Ngamiani, Chumbageni, na nyie wa Pangani mnaonilalamikia kila siku kwamba siwataji, haya leo nimewataja, tusidaiane. Mwenzenu niko jikoni kama mnavyoona, msiangalie fujo. Hapa mezani nyanya kilo kama kumi na tano, pale chini mahindi, ile sufuria inayotokota kule nyuma ndo ile ile ya pilau ya Idi mnayoijua. Leo sitoki kuwaonyesha majumba wala madaraja, leo tunapika, na tunachopika hatukili leo wala kesho, tunakila Januari.

Maana kwenye ile video ya theluji mlinijazia komenti, dada unakula nini huko kukiwa kweupe hivo, mwingine akasema huyo anakula makopo tu. Eeh, makopo kweli, ila najaza mwenyewe, kwa hiyo nyamazeni niwaonyeshe.

Mie niko Lewiston, jimbo la Maine, kule juu kabisa kaskazini mashariki ya Marekani, ukisogea mbele kidogo ni Kanada. Theluji inaweza kuanza Novemba na Aprili ukaikuta bado ipo kwenye vivuli vya nyumba imejikalia kama mgeni asiyeaga. Sasa hapo mkulima ana miezi mingapi? Minne, mitano akijaliwa, na wa huku wengi ni wadogo tu, eka chache, mume na mke na trekta moja bovu, kwa hiyo ikifika Agosti kila kitu kinaiva kwa mpigo, nyanya, maharage mabichi, matango, mahindi, maboga, vitunguu, mpaka unachanganyikiwa unaanza na kipi. Kwetu tumezoea embe likiisha kuna chungwa, chungwa likiisha kuna nanasi, hapo katikati fenesi na ndizi wala hazihesabiwi. Huku kikiisha kimeisha mpaka mwakani.

Halafu kuna kitu kilinishangaza mwaka wa kwanza nikapiga na picha. Unapita barabara za shamba unakuta kibanda, mbogamboga zimepangwa, bei zimeandikwa kwenye kipande cha boksi, muuzaji hakuna. Hakuna mtu kabisa! Kuna kikasha kina tundu, unatumbukiza hela, unachukua mahindi yako, unaondoka. Nikamsimulia mama kwenye simu akaniuliza, na hicho kikasha chenyewe hakiibwi? Nilicheka nikakosa jibu, maana sote tunajua kwetu kingeondoka kikasha, mahindi na kibanda, mbao zikaonekane kwa mtu Mikanjuni.

Haya, mahindi yenyewe ndo haya. Haya sio ya kuchoma yale mnayokula jioni na ndimu na pilipili, haya ni laini na yana sukari, dazeni nimetoa dola nane. Sukari yake inaanza kugeuka wanga toka dakika unayoyavunja, jirani yangu hapa, bibi mmoja wa kizungu wa miaka themanini na kitu, ananiambia wewe injika maji kwanza ndo uende shambani. Kwa hiyo ya leo tunakula leo, yanayobaki nayachemsha kidogo, nayatia kwenye maji ya barafu yasiendelee kuiva, naparua punje kwa kisu, natia kwenye mifuko, friza. Maharage mabichi hivo hivo, dakika tatu kwenye maji yanayochemka halafu barafuni, usipofanya hivo baada ya miezi miwili yanageuka kama majani makavu, nilijaribu uvivu huo nikala majuto mpaka Machi.

Bluberi, vile vitunda vidogo vya buluu, sina za kuwaonyesha, msimu umeshapita, zipo kwenye friza. Za Maine zinaota zenyewe chini chini, hazifiki hata gotini, vidogo sana lakini vitamu, wanavichota na kitu kama kizolea taka chenye meno. Unatandaza kwenye trei zigande kwanza kila moja peke yake ndo unatia mfukoni, ukitia zote pamoja utapata tofali.

Sasa nisiruke jambo. Mwaka juzi nilikuwa soko la wakulima, nimeinama nachagua mchicha. Mchicha, jamani, Marekani! Nikaguna mwenyewe kwa Kiswahili, loh kama wa nyumbani. Mama aliyekuwa anauza, mtu mzima, kajitanda ushungi, akaniangalia akanijibu kwa maneno nikahisi naota, kwa sababu hakunijibu Kiswahili wala Kisomali, alinijibu Kizigua. Bibi yangu mzaa mama ni Mzigua wa Handeni, mie Kizigua nasikia cha kuombea maji tu, lakini sauti ile naijua. Nikamuuliza mama wewe kwenu Handeni sehemu gani? Akasema mie sijafika Handeni, mie nimezaliwa Somalia, mto Juba. Lakini kwetu Uzigua.

Tulisimama pale mpaka mchicha ukanyauka mkononi. Hii habari wengi Tanga hamuijui na mie sikuijua, nilifundishwa na muuza mboga wa Maine. Karne ya 19 njaa kubwa iliingia Uzigua, watu wakapakiwa majahazini kupelekwa Somalia, wakauzwa utumwa, na simulizi zao zinasema mwanamke mmoja aitwaye Wanankhucha ndo aliwaongoza kutoroka mpaka mto Juba, wakaingia msituni wakalima, na lugha wakaishika. Yule mama muuza mboga anasema walikwenda wakidhani wanarudi. Vita vya 1991 vikawafukuza huko Juba, wengi wakaingia makambini Kenya, wengine wakaja mpaka kwetu, ndo hao wa makazi ya wakimbizi ya Chogo pale Handeni, na kuanzia 2003 hivi Marekani ikapokea Wabantu wa Somalia zaidi ya elfu kumi, Wazigua wakiwemo, wakatawanywa majimbo mbalimbali na baadaye wengi wakahamia hapa Lewiston. Na wamelima! Wana shamba la pamoja jirani na hapa, Liberation Farms, kila familia na kipande chake, wanalima mpaka mahindi magumu ya unga kwa sababu haya matamu kwao sio chakula, ni peremende. Mwenzenu sasa hivi ugali wangu unga wake unatoka kwa Wazigua wa Maine, mkinielewa mnielewe, msiponielewa rudisheni video nyuma.

Mchicha wa yule mama nanunua mafungu kumi kwa mara moja. Dakika mbili kwenye maji ya moto, barafuni, nakamua nafanya madonge kama ya kachori, friza. Februari nje digrii kumi na tano chini ya sifuri, mie nakula mchicha wa nazi. Nazi ni ya kopo, hapo sijiteti.

Ngoja nipunguze moto... haya.

Nyanya. Hapa nisikilizeni vizuri maana hili sio la kubahatisha. Chupa hizi zinaitwa Mason, kwa jina la John Landis Mason aliyepata hataza yake 1858, kifuniko chake ni cha vipande viwili, kisahani chenye mpira pembeni na pete ya kukaza. Nyanya nimezimenya, unazitumbukiza maji ya moto kidogo ganda linavuka lenyewe, nimezikata nimezichemsha, sasa nazimimina humu. Kabla ya kumimina natia ndimu ya chupa, ya dukani ile, kijiko kimoja cha chakula kwa chupa ya nusu lita, viwili kwa ya lita. Mbona ya dukani wakati mie ni mtu wa Tanga? Kwa sababu ukali wake umepimwa, wa kukamua leo mkali kesho mpole. Nyanya tunaziona kali lakini ziko mpakani, na kuna bakteria wa botulizimu, mbegu zake hazifi kwenye maji ya kuchemka, zinapenda mahali pasipo na hewa na pasipo na ukali, yaani chupa iliyofungwa ndo nyumba yao, na sumu yake inapoozesha mwili na inaua. Ukali ndo unawazuia. Kwa hiyo maharage, nyama, mahindi, mchicha, hivo msije mkavitia kwenye chupa mkachemsha kwenye sufuria ya kawaida mkasema dada wa Maine kasema, dada wa Maine hajasema! Hivo vinataka sufuria maalumu ya presha, na kama huna, friza au juani. Mie nilisomea darasa la jioni, chuo kikuu cha Maine kina watu wao wanafundisha wananchi haya mambo, nilikaa na vibibi kumi na mmoja na mie peke yangu na hijabu, tukachekana vizuri tu.

Unaacha nafasi kidogo juu, unapangusa mdomo wa chupa, unafunga usikaze kama una hasira, unazamisha zote maji yazipite juu, chupa za nusu lita dakika 35, na dakika unahesabu kuanzia yanapochemka, sio kuanzia ulipotia. Na chupa iwe ya moto! Mwaka wa kwanza nilitoa chupa kabatini baridi nikaizamisha, paa, ikapasuka chini, sufuria nzima ikawa supu ya nyanya na vigae. Nilikaa chini nikalia, na haikuwa kwa sababu ya nyanya, ilikuwa Septemba ya kwanza mbali na nyumbani, mtu analia kwa kisingizio kinachopatikana.

Dakika zinaenda, niwaambie la moyoni. Bibi yangu alikuwa na ungo juu ya bati mwaka mzima. Embe mbichi zimekatwa zimepakwa chumvi na binzari, mbirimbi, makopa ya kusagia bada, ule ugali wa muhogo, na sie wajukuu kazi yetu kufukuza kuku na kuona aibu, maana wenzetu kwao wananunua achari dukani. Nilikuwa nawaambia rafiki zangu ule ungo wa jirani! Sasa hivi natafuta mtu wa kunionyesha ungo nilie. Na nyie mlioko huko, msimu ukikolea machungwa ya Muheza yanaoza barabarani, nyanya za Lushoto zikishuka kwa wingi soko la Mgandini tenga linauzwa bei ya soda, wiki tatu baadaye mnanunua nyanya ya pakiti. Na mkulima anakuja kununuliwa shamba zima machungwa yakiwa bado mabichi kwa bei ya kutupa kwa sababu ana ada ya shule. Huku kuna utaratibu naupenda, ulianza 1986 kwenye mashamba mawili, moja Massachusetts moja New Hampshire, unamlipa mkulima mwanzoni mwa mwaka wakati anahitaji hela ya mbegu, halafu samaa yote kila wiki unachukua boksi lako, mvua ikiharibu mnaharibikiwa wote. Mie nimelipia boksi tangu Machi, wiki nyingine napata figili mpaka nachukia, lakini bei ni bei, hakuna aliyemlalia mwenzie. Ingekuwa mimi niko Tanga ningeanza na jirani kumi tu na mkulima mmoja wa Muheza. Sipo, naongea tu.

Achari sasa. Embe mbichi huku ni ghali halafu imechoka na safari, lakini frosti, ule umande unaoganda usiku ukaua mimea, ikikaribia mwisho wa Septemba nyanya zinabaki kijani kwenye miti hazitaiva tena, wakulima wanazitoa karibu bure. Nikazikata vipande, nikazipaka chumvi zikalala usiku mzima, nikakamua maji, oveni moto wa chini kabisa mlango nimeuegemeza wazi kidogo, kwa sababu jua la huku mwezi huo ni la mapambo. Halafu siki, pilipili, kitunguu saumu, binzari, mafuta nimeyachoma na mbegu za haradali. Chupa naweka kwenye friji, siweki kabatini, sina vipimo vya hiyo. Mama wa Juba nilimpelekea, akaonja na kidole, akanyamaza, akaniuliza umetoa wapi embe? Nikamwambia hiyo ni nyanya. Akasema mwongo. Tangu hapo kila mwisho wa Septemba ananiwekea nyanya za kijani ndoo mbili na hanitozi, anataka chupa mbili tu.

Haya, 35 hizo. Natoa na koleo, napanga juu ya taulo, mtu asizitikise. Tunyamaze kidogo tusikilize... zinapopoa kifuniko kinavutwa ndani kinalia. Hiyo! Mmesikia? Moja. Nyingine hiyo. Tatu. Ngojeni... nne, tano.

Mama naona jina lako hapo chini, huko saa nne usiku na presha yako hiyo, kalale.

Sita. Ya saba imegoma, naibonyeza inarudi juu, eeh imegoma kabisa. Haya, hii haikai kabatini, hii ni mboga ya leo usiku na mahindi. Ngoja nizime kamera nikamenye vitunguu.