Mvua Inanyesha Kwingine: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Uongozaji Watalii, Dodoma

Mbukwenyi!

Ahsanteni. Walimu, vijana wangu, na ndugu zetu waongozaji mliotoka Kondoa asubuhi hii, karibuni sana. Najua wapo wanaojiuliza inakuwaje tukae Dodoma, mji wa vumbi na zabibu, tuzungumzie watalii wanaoelea kwenye tyubu ndani ya mapango. Hapa hatuna mto wa chini ya ardhi. Mapango ya Kolo kule Kondoa ni ya michoro ya kale ya miambani, mtu anapanda mlima kwa miguu. Amboni kule Tanga ni ya kutembea na tochi. Lakini nimeuchagua mchezo huu makusudi, kwa sababu una somo moja ambalo mwongozaji wa Dodoma akilishika, litamfaa popote atakapopeleka wageni, iwe pangoni, korongoni au kwenye boti pale Mtera.

Kwanza mjue unavyofanyika. Nchi inayojulikana sana kwa mchezo huu ni Belize, Amerika ya Kati. Nayo ina historia inayofanana kidogo na yetu: mji wao wa pwani ulipigwa na kimbunga Hattie mwaka 1961, wakaamua kuhamishia makao makuu bara, na Belmopan ukawa mji mkuu mwaka 1970. Sisi uamuzi wa kuhamia hapa ulifanyika 1973. Basi si mbali na Belmopan upo mto Caves Branch, unaopita ndani ya mapango ya chokaa katika hifadhi ya mambo ya kale ya Nohoch Che'en. Mgeni anavaa jaketi okoa, helmeti na tochi ya kichwani, anabeba tyubu yake, anatembea msituni, anavuka mto, halafu anakalia tyubu na mkondo unamrudisha taratibu kupitia gizani. New Zealand nako, eneo la Waitomo, biashara hii ilianza mwaka 1987. Huko watu wanaelea huku wakitazama vijidudu vinavyotoa mwanga vilivyoning'inia kwenye dari la pango. Ni jambo zuri kweli. Siku za kawaida ni shughuli tulivu, watoto na wazee wanaifanya.

Hatari inatokana na maji, na maji hayo hayajanyesha pale mlipo.

Hapa sihitaji mifano ya Belize, maana hakuna watu wanaolijua jambo hili kuliko watu wa Kanda ya Kati. Mto Kinyasungwe unaanzia huku kwetu, unapita Gulwe, unakwenda kuwa Mkondoa kule Kilosa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 reli ya kati ilisombwa na mafuriko eneo la Kilosa, na sehemu kubwa ya maji yale yalitoka juu, huku Dodoma na Mpwapwa. Na kila mmoja wenu aliyekulia kijijini ameliona korongo lililo kavu saa nane mchana, mchanga mtupu, watoto wanachimba visima vya mkono, jua linawaka. Saa tisa linashuka maji ya kumwangusha ng'ombe. Juu yenu hakuna hata wingu.

Sasa korongo hilo liwekeeni paa la jiwe. Hilo ndilo pango la mto. Korongoni mtu anakimbilia ukingoni. Pangoni maji yakipanda, nafasi kati ya uso wa maji na dari inapungua, na pale dari linaposhuka chini njia inafungwa kabisa. Mawe ya chokaa nayo yana tabia yake. Yamejaa nyufa na mashimo, kwa hiyo mvua iliyonyesha kilimani haitiririki juu ya ardhi mkaiona inakuja. Inazama, inapita njia zake za ndani, halafu inatokea mtoni baada ya saa kadhaa. Mvua inaweza kuwa imekwisha na jua limetoka, wageni wanafurahi, wakati maji yake ndiyo kwanza yako njiani.

Mnaikumbuka habari ya Thailand ya mwaka 2018. Vijana 12 wa timu ya mpira na kocha wao waliingia kwa miguu katika pango la Tham Luang tarehe 23 Juni. Mlangoni palikuwa na kibao kinachoonya kwamba pango ni hatari kuanzia Julai hadi Novemba. Kwa kalenda walikuwa bado na wiki nzima. Mvua haikusubiri kalenda. Maji yaliwafungia ndani, wakapatikana tarehe 2 Julai wakiwa kilomita kadhaa kutoka mlangoni, na wa mwisho wakatolewa tarehe 10. Mpiga mbizi mmoja, aliyewahi kuwa mwanajeshi wa majini, alikufa katika kazi ya kuwaokoa. Nawaomba msiwalaumu vijana wale. Nataka mshike neno moja tu: msimu unakupa wastani, haukupi habari ya leo. Sisi hapa tunasema masika yetu ni Desemba hadi Aprili, na ni kweli, lakini mwongozaji hawezi kuwaingiza watu pangoni kwa sababu tu mwezi ni wa kiangazi.

Kwa hiyo kazi ya mwongozaji inaanza kabla mgeni hajaamka. Anasoma utabiri, na hasomi wa pale kambini peke yake, anasoma wa kule mto unakotoka. Anampigia simu mtu anayeishi juu ya mto. Huyo mtu wa juu, mzee mwenye shamba lake kando ya maji, thamani yake ni kubwa kuliko kifaa chochote mtakachonunua. Akifika mtoni anaangalia alama yake. Kila mwongozaji mzuri ana jiwe lake, ameliwekea mstari wa rangi: maji yakiwa chini ya mstari tunaingia, yakigusa mstari tunarudi. Mstari huo unachorwa siku ya utulivu, kabla hajasimama mgeni aliyelipa fedha zake mbele yako.

Na mkishakuwa ndani, hisi zote ziwe kazini. Maji yanayopanda yanatoa dalili. Yanakuja majani makavu na vijiti ambavyo dakika tano zilizopita havikuwepo. Povu linakusanyika kwenye kona. Maji yaliyokuwa angavu yanaanza kuwa na rangi ya udongo, na kwa tochi ya kichwani utaliona hilo pale mwanga unapoacha kufika chini. Sauti inabadilika: kijiporomoko kilichokuwa kinalia kwa juu kinaanza kunguruma. Ukiona dalili mbili kwa pamoja, usiitishe mkutano. Toa kundi, au lipeleke kwenye ukumbi wa juu ulioujua tangu zamani, ambako mmehifadhi mablanketi, maji ya kunywa na taa. Mwongozaji asiyejua sehemu za juu za pango lake asiongoze mtu.

Sasa tuje kwenye vifaa, na hapa nitaomba kijana mmoja aje mbele. Njoo mwanangu. Hili jaketi amelivaa mwenyewe, na mnaona vifungo vyote vimefungwa. Mnaridhika? Naweka vidole viwili hapa mabegani, navuta kwenda juu. Mnaona? Limefika masikioni. Akitumbukia, jaketi litaelea na yeye atabaki chini yake. Kwa hiyo tunaanza na mkanda wa chini, wa kiunoni, tunakaza, tunapanda wa katikati, tunakaza, halafu navuta tena. Sasa haliendi popote. Mkono wangu umegusa mabega ya mgeni, na huo ndio ukaguzi. Kumuuliza mgeni "uko sawa?" si ukaguzi, maana atajibu ndiyo kwa heshima. Mtoto anapewa jaketi la mtoto lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Kama halipo, mtoto haendi, hata mama yake akinung'unika.

Ahsante, kaa.

Tyubu zenyewe wageni wanazikalia kitako, makalio kwenye tundu la katikati, mgongo umeegemea. Mkifika penye maji machache mwongozaji anapaza sauti, "Nyanyueni viuno!" na kila mtu ananyanyua, la sivyo jiwe litampiga kwenye mfupa wa mkia na safari yake imeharibika. Jambo dogo hilo, lakini wageni wengi wanaumia pale kuliko kwenye maporomoko. Wafundisheni nchi kavu kwanza, wacheke, wazoee. Wafundisheni pia kwamba akidondoka kwenye mkondo asijaribu kusimama. Mguu unaweza kunasa kati ya mawe na maji yakamlaza kifudifudi. Alale chali, miguu mbele, vidole juu, asubiri maji yatulie. Kuhusu kufunga tyubu pamoja kwa kamba, msimamo wangu ni kwamba fundo lisiloweza kufunguliwa kwa mvuto mmoja lisiwepo majini. Washikane vipini, au kila mmoja aweke miguu yake kwenye tyubu ya aliye mbele. Na tochi ni mbili kwa kila mwongozaji, kichwani na mfukoni, zote zimejaribiwa asubuhi ile.

Starehe ya mgeni sitaitenga na usalama, kwa kuwa mgeni anayetetemeka hasikii maelekezo. Maji huondoa joto mwilini mara 25 hivi haraka kuliko hewa. Waitomo, ambako maji mara nyingi ni kati ya nyuzi joto 10 na 14, kila mgeni anavishwa nguo nzito ya mpira inayobana mwili. Belize kuna joto, hawahitaji hivyo, lakini hata kule mtoto mwembamba aliyekaa majini saa moja na nusu midomo itaanza kubadilika rangi. Mwangalieni mtoto kwanza, kisha mzee, kisha yule anayejikaza asionekane mnyonge. Viatu viwe vya kufunga, vyenye soli ya kushika mawe. Ndala zinabaki kwenye gari. Mpelekeni kila mtu msalani kabla ya kuvaa. Anayetumia dawa ya pumu aikabidhi kwa mwongozaji kwenye kifuko kisichoingiza maji. Aliyekunywa pombe mchana huo atasubiri kambini, kwa lugha ya upole.

Halafu kuna hofu. Mtu mzima, meneja wa ofisi, anafika mlangoni mwa pango na pumzi inamkata. Hajui kueleza, anaona aibu mbele ya mke na watoto. Msimtanie, na msimsukume kwa maneno ya "jipe moyo." Simameni naye pale ambapo mwanga bado upo, zimeni tochi kidogo, mweleze giza litakuwa la muda gani na mwanga utaonekana wapi. Akikubali, mweke karibu nawe. Akikataa, awepo mwenzako wa kumrudisha kwa njia ya miguu, bila kuwekwa kwenye hadithi ya chakula cha jioni. Ndiyo maana nasema kundi liwe na waongozaji wawili daima, wa mbele na wa nyuma, na watu wanane kwa kila mwongozaji ndio mwisho, tena siku ambayo mto umetulia.

Popo nitawataja kwa ufupi. Msiwashike, msiwapigie kelele, na mapango yenye makundi makubwa ya popo wanaokula matunda msiwapeleke wageni ndani bila ushauri wa wataalamu wa afya. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa ugonjwa wa virusi vya Marburg baada ya kutembelea pango la popo magharibi mwa Uganda, na ugonjwa huo Kagera wameuona mwaka 2023 na tena 2025. Vitu vya kale navyo haviguswi. Mapango yale ya Belize Wamaya, wenyeji wa kale wa eneo lile, waliyatumia kwa ibada, na mnaotoka Kondoa mnajua jasho la kiganja linavyofanya kwenye mchoro.

Nimalizie na jambo linaloniuma zaidi, na hili ni la fedha. Aprili 2008, kule New Zealand, wanafunzi 6 na mwalimu wao walikufa maji katika korongo la mto Mangatepopo wakiwa kwenye safari ya mafunzo, mto ulipofurika kwa mvua. Baada ya ajali hiyo na nyingine, serikali ilipitia upya shughuli zote za namna hii, na kanuni za mwaka 2011 zikalazimisha kila mwendeshaji akaguliwe na wakaguzi wa nje ya kampuni yake. Nataka jambo kama hilo hapa kwetu. Lakini hata kabla halijafika, kuna mambo mawili mnayoweza kuyadai ninyi wenyewe.

La kwanza, mgeni aambiwe siku anayolipa, kwa maandishi, kwamba maji yakikataa atarudishiwa fedha zake zote au atapangiwa siku nyingine. Akijua hivyo mapema hatabishana nawe mtoni.

La pili, mwongozaji aliyeghairi safari kwa ajili ya maji alipwe posho yake ya siku kama aliyeongoza. Kijana anayelipwa kwa safari, mwenye kodi ya nyumba na ada ya mdogo wake, tunamweka peke yake mbele ya lile jiwe lenye mstari na kumwambia achague kati ya mto na mfuko wake. Si haki kwake, na si salama kwa wageni. Mkipewa mkataba, kitafuteni kipengele hicho kabla ya kuangalia mshahara. Kisipokuwepo, ombeni kiandikwe, na mwenye kampuni asipokubali, msisaini.

Karibuni kwa maswali. Tuanze na waliotoka Kondoa, maana wana safari ndefu ya kurudi.