Mjumbe wa Mfalme Aliyekimbia: Sir George Etherege mjini Regensburg, 1685–1689

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, nanyi wanafunzi mliofika jioni hii, nawasalimu na kuwashukuru.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Kauli hiyo humkinga mjumbe na hasira ya yule aliyepelekewa habari, lakini haisemi lolote juu ya mjumbe ambaye aliyemtuma ndiye ameanguka. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayetaka kumzungumzia. Jina lake ni Sir George Etherege, Mwingereza aliyejulikana London kwa tamthilia tatu za kuchekesha, ya mwisho ikiwa imechezwa mwaka 1676. Mwaka 1685 Mfalme James wa Pili alimpeleka Regensburg, mji ulio kando ya mto Danube, awe mwakilishi wake mkazi. Hakuwa mgeni kabisa wa kazi hiyo, kwa kuwa aliwahi kuwa katibu wa balozi wa Uingereza huko Constantinople. Lakini Ujerumani ilikuwa jambo jingine, na lugha yake hakuijua.

Kwa nini Regensburg, wala si Vienna au Berlin? Ujerumani ya wakati ule haikuwa nchi moja. Ndani ya Dola Takatifu ya Kirumi mlikuwa na mamia ya tawala: falme, maaskofu watawala, miji huru na makabaila wenye maeneo madogo, wote wakimtambua Kaisari Leopold wa Kwanza, na wengi wao wakilinda kwa wivu mamlaka waliyothibitishiwa na amani ya Westphalia ya 1648, iliyomaliza Vita vya Miaka Thelathini. Wawakilishi wa tawala hizo walikutana Regensburg katika Baraza la Dola, lililoitishwa mwaka 1663 na ambalo halikuvunjwa hadi dola yenyewe ilipokufa mwaka 1806. Vikao vilikuwa vitatu: cha wakuu wanane waliokuwa na haki ya kumchagua Kaisari, cha wakuu wengine, na cha miji huru. Kwa hiyo mjumbe mmoja, akikaa mji mmoja, aliweza kusikia mapigo ya moyo ya Ujerumani nzima.

Aliweza, ikiwa angepokelewa. Hapo ndipo ugumu ulipoanzia, na naomba tusiudharau. Nani amtembelee mwenzake kwanza, nani aketi kwenye kiti cha aina gani, nani aitwe Mtukufu: mambo hayo yaliweza kusimamisha shughuli za Baraza kwa muda mrefu, kwa sababu kila kiti kilikuwa dai la mamlaka, na mjumbe aliyekubali kiti cha chini alikuwa amemshusha bwana wake. Sisi tuliokulia mahali ambapo mgeni hupimwa kwa alivyokaribishwa tunalielewa hilo bila kufafanuliwa sana. Hata tarehe haikuwa moja: Wakatoliki walifuata kalenda mpya, ilhali Waprotestanti wa Ujerumani, kama Waingereza, walikuwa bado kwenye ile ya zamani, iliyokuwa nyuma kwa siku kumi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuangalia na kuandika. Mwaka 1684 Kaisari na Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa walikuwa wametiliana saini, mjini humo humo, suluhu ya miaka 20, iliyomwachia Louis Strasbourg na Luxembourg kwa muda huo. Etherege alitakiwa kuripoti kama suluhu ingedumu. Alimwandikia waziri, Lord Middleton, mara nyingine kwa mashairi, na mshairi John Dryden akamjibu kwa mashairi kwa niaba ya waziri. Mtu asome barua hizo akitafuta utani wa mtunzi wa tamthilia, ataupata. Mimi ninachokiona zaidi ni upweke wa mtu ambaye kila jibu lake lilikuwa limechelewa kwa wiki kadhaa.

Nyumbani kwake hakukuwa na utulivu pia. Katibu wake, Hughes, alimchukia, akapeleka mashtaka juu ya kamari, ulevi na urafiki wake wa wazi na mwigizaji mmoja wa kike, jambo lililowaudhi wakubwa wa mji. Naamini mengi katika mashtaka hayo, lakini siamini kwamba yanatosha kumhukumu, kwani barua za Etherege zinaonyesha mtu aliyeziona hila za wajumbe wa Ufaransa na wa Kaisari kwa makini.

Shaka kubwa zaidi ilitoka London. James alikuwa Mkatoliki juu ya taifa la Kiprotestanti, na mjumbe wake hakuaminiwa vizuri na upande wowote: Waprotestanti wa Ujerumani waliogopa dini ya bwana wake, huku watu wa Kaisari, Wakatoliki kama James, wakiogopa urafiki wa mfalme huyo na Ufaransa. Msimu wa vuli wa 1688 majeshi ya Louis yalivuka mpaka na kuizingira ngome ya Philippsburg, na suluhu ikafa kabla ya kutimiza miaka mitano. Wiki chache baadaye William wa Orange, kiongozi Mprotestanti wa Uholanzi na mkwe wa James, alitua Uingereza na jeshi lake. Kabla mwaka haujaisha James alikuwa Ufaransa, mkimbizi. Alipomwomba Leopold msaada, Kaisari alimjibu kwamba maafa yake yalitokana na kuwasikiliza Wafaransa.

Fikirini hali ya Etherege katika wiki hizo. Hati zake za utambulisho zilikuwa za mfalme asiye na kiti, na mshahara wake ulikuwa wa hazina iliyoshikwa na mtu mwingine. Wenzake wengi walibadili bwana, wala siwalaumu, kwa kuwa walikuwa na familia za kulisha na nchi ya kuitumikia. Yeye hakubadili. Mapema mwaka 1689 aliondoka Regensburg kwenda Paris, kumfuata mfalme wake, na huko Ufaransa akafa miaka michache baadaye. Vitabu vyake alivyokuja navyo havikumfuata. Vilibaki nyuma Regensburg, na aliyeandika orodha yake, kitabu baada ya kitabu, ni Hughes, katibu yule yule aliyemchukia.